Mfuko Umepata Faida, Mwenye Vipande Amepata Hasara

Dada yangu mkubwa aliweka karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa taarifa ya mwezi ya mfuko wa hisa aliowekeza (fedha za watu wengi zinazokusanywa pamoja kununua hisa za kampuni mbalimbali), yenye mchoro wa mstari unaopanda na jedwali la faida ya mwaka mmoja, miaka mitatu na miaka mitano. Ya pili ilikuwa taarifa ya akaunti yake mwenyewe katika mfuko huohuo. Katika jedwali, faida ya miaka mitatu ilikuwa nzuri kabisa. Katika akaunti yake, thamani ya vipande vyote, yaani sehemu za mfuko alizonunua, ilikuwa chini ya jumla ya fedha alizoweka.

"Mdogo wangu," aliniuliza, "kati ya karatasi hizi mbili, ipi inasema uongo?"

Nilimjibu kuwa zote mbili zinasema kweli, nikachukua kalamu nikamwonyesha jinsi jambo hilo linavyowezekana, naye akaondoka ameelewa. Swali lake, hata hivyo, limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Nimezoea kusoma taarifa za mifuko ya hisa, na vipimo vyake nimewaeleza watu wengi: mkengeuko sanifu, beta, alfa, uwiano wa Sharpe, ambavyo nitavieleza kila kimoja mahali pake. Kinachonisumbua ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo ambacho, kikisomwa jinsi kinavyosomwa siku zote, kingemtahadharisha kuhusu yaliyompata.

Vyote vinapima mfuko. Yeye hakuna anayempima.

## Hesabu ya karatasi mbili

Tuchukue mfuko ambao mwaka wa kwanza unapanda kwa asilimia 40, mwaka wa pili unapanda kwa asilimia 30, na mwaka wa tatu unaanguka kwa asilimia 30. Aliyeweka 1,000 siku ya kwanza na kutulia atakuwa na 1,274 mwishoni mwa mwaka wa tatu. Hiyo ni faida ya asilimia 27.4, sawa na takriban asilimia 8.4 kwa mwaka, na ndiyo namba ambayo meneja wa mfuko ana haki ya kuichapisha, kwa kuwa yeye hana mamlaka juu ya siku ambayo mteja analeta fedha zake.

Sasa tumchukue mwekezaji aliyeanza na 1,000 hiyohiyo, akaona miaka miwili mizuri, akapata imani, na mwanzoni mwa mwaka wa tatu akaongeza 5,000. Fedha zake za kwanza zimeshafika 1,820, kwa hiyo anaingia katika mwaka wa anguko akiwa na 6,820, na anatoka akiwa na 4,774. Kwa jumla aliweka 6,000. Amepoteza 1,226 ndani ya mfuko uliopata faida.

Tofauti iko katika kitu kinachopewa uzito. Hesabu ya mfuko huupa kila mwaka uzito sawa, bila kujali ni fedha kiasi gani zilikuwemo mwaka huo. Hesabu ya mwenye vipande huipa kila fedha uzito wake kwa muda iliokaa ndani. Fedha nyingi za mwekezaji wetu hazikuwahi kuiona ile asilimia 40. Ziliona anguko peke yake.

Iko pia namba ya tatu, na hiyo ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mtu akijumlisha 40 na 30, akatoa 30, kisha akagawa kwa tatu, anapata wastani wa asilimia 13.3 kwa mwaka. Hakuna mtu yeyote duniani aliyepata faida hiyo katika mfuko huo, lakini namba yenyewe inaweza kuandikwa kwenye tangazo na isiwe na kosa la hesabu. Mfuko unaopanda kwa asilimia 50 mwaka huu na kushuka kwa asilimia 50 mwaka ujao una wastani wa sifuri, ilhali mwenye 100 amebaki na 75. Kila unapoona neno "wastani" kwenye faida ya mfuko wa hisa, uliza kama ni wastani uliozingatia kuzaana kwa fedha mwaka hadi mwaka au ni wa kujumlisha na kugawa tu.

## Kuyumba, na hatari ya kupanda

Hadi katikati ya karne ya 20, watu waliizungumzia hatari ya hisa bila kuwa na namba ya kuieleza. Mwaka 1952 Harry Markowitz, mchumi wa Marekani aliyekuwa bado kijana, alichapisha makala iliyopendekeza kwamba hatari ya mkusanyiko wa hisa ipimwe kwa jinsi faida yake inavyotawanyika kuzunguka wastani wake. Kutoka hapo ndipo tulipata mazoea ya kuandika mkengeuko sanifu, yaani namba inayopima kutawanyika huko, katika taarifa za mifuko. Mfuko wenye wastani wa asilimia 10 kwa mwaka na mkengeuko sanifu wa asilimia 20 unatarajiwa, katika takriban miaka miwili kati ya kila mitatu, kutoa matokeo yaliyo kati ya hasara ya asilimia 10 na faida ya asilimia 30.

Unatarajiwa, iwapo matokeo yanafuata ule mchoro wa kengele unaofundishwa katika takwimu. Masoko hayaufuati kikamilifu. Tarehe 19 Oktoba 1987 fahirisi ya Dow Jones, inayopima bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilianguka kwa asilimia 22.6 katika siku moja, na kwa mujibu wa mchoro huo siku ya namna hiyo haikupaswa kutokea hata mara moja katika umri wote wa soko la hisa. Kwa hiyo mkengeuko sanifu naukubali kama njia ya kulinganisha mifuko miwili ya aina moja kwa kipindi kilekile. Siukubali kama mpaka wa hasara.

Lawama nyingine dhidi yake ni kwamba hauoni tofauti kati ya kupanda na kushuka. Mwezi ambao mfuko umeruka juu kwa asilimia 12 unaongeza mkengeuko sawa na mwezi ambao umeanguka kwa kiasi hichohicho, na ni nani anayelalamika akipata faida kubwa kuliko aliyotarajia? Ndiyo maana Frank Sortino alipendekeza uwiano unaohesabu tu matokeo yaliyo chini ya lengo la mwekezaji. Kwa muda mrefu niliiona hoja hiyo kuwa haina jibu.

Karatasi za dada yangu ndizo zilizonitia shaka.

Fedha zake kubwa hazikuingia baada ya anguko, ziliingia baada ya mruko. Miezi ile ya kupanda kwa kasi, ambayo Sortino anaisamehe, ndiyo iliyompa ujasiri wa kuongeza kiasi kikubwa kuliko alichoanza nacho. Kwa mfuko, kupanda ghafla ni habari njema isiyo na doa. Kwa mtu anayetazama bei kila wiki na mwenye akiba nyingine benki, kupanda huko ni chambo. Jambo hili halimhusu yeye peke yake, kwani ni tabia inayojulikana ya mifuko ya hisa kwamba fedha mpya huingia kwa wingi baada ya miaka mizuri na hutoka kwa wingi baada ya miaka mibaya. Kwa hiyo nimerudi kuuheshimu mkengeuko sanifu kwa sababu tofauti na ile ya Markowitz: unapima pia ukubwa wa vishawishi ambavyo mfuko utakuletea.

## Namba moja ya kulipima jasho na faida

William Sharpe, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1990 pamoja na Markowitz na Merton Miller, alichapisha mwaka 1966 utafiti kuhusu mifuko 34 ya Marekani kwa kipindi cha mwaka 1954 hadi 1963. Alichukua faida ya kila mfuko, akatoa faida ambayo mtu angeipata bila kuhatarisha kitu, kisha akagawa tofauti hiyo kwa mkengeuko sanifu. Alipoipanga mifuko kwa kipimo hicho, ni 11 tu iliyoishinda fahirisi ya Dow Jones.

Uzuri wa uwiano huo wa Sharpe unaonekana mara moja. Mfuko wa kwanza umepata asilimia 15 kwa mkengeuko wa 24. Wa pili umepata asilimia 12 kwa mkengeuko wa 12. Dhamana za serikali za muda mfupi zinalipa asilimia 7. Uwiano wa mfuko wa kwanza ni 0.33 na wa pili ni 0.42. Wa pili umefanya kazi bora kwa kila kiasi cha hatari ulichobeba, ingawa tangazo la gazetini lingemsifu wa kwanza.

Hata hivyo, kuna wakati uwiano huu unageuka na kumpotosha msomaji, na wakati wenyewe ni uleule ambao anauhitaji zaidi. Soko likianguka na mifuko yote miwili ikapata asilimia 5 chini ya dhamana za serikali, mfuko wenye mkengeuko wa 10 utaonyesha uwiano wa hasi 0.5, na ule wenye mkengeuko wa 25 utaonyesha hasi 0.2. Anayepanga kwa namba tu atauweka juu mfuko ulioyumba zaidi kwa hasara ileile. Uwiano wa Sharpe ulio hasi usitumike kuilinganisha mifuko hata kidogo, na inanisikitisha kuona majedwali yanayoendelea kuupanga kana kwamba hakuna kilichobadilika.

## Beta, alfa na kulinganisha kwa haki

Haya nitayapita haraka, kwa kuwa wengi wenu mnayafahamu. Beta inaeleza ni kiasi gani mfuko hufuata mwendo wa soko: beta ya 1.2 ina maana kwamba soko likishuka kwa asilimia 10, mfuko unatarajiwa kushuka kwa 12. Alfa ni kile kinachobaki baada ya kuondoa sehemu ya faida iliyotokana na soko lenyewe. Michael Jensen, ambaye alfa hiyo hubeba jina lake, aliipima mifuko 115 ya Marekani kwa kipindi cha mwaka 1945 hadi 1964, na katika makala yake ya mwaka 1968 akaonyesha kwamba, baada ya gharama, kwa wastani mifuko ilikuwa nyuma ya matokeo iliyopaswa kupata kwa hatari iliyobeba, kwa takriban asilimia 1.1 kwa mwaka.

Ninachotaka kukisisitiza ni kitu ambacho mfuko unalinganishwa nacho. Beta na alfa hazina maana iwapo fahirisi iliyochaguliwa haifanani na hisa zilizomo ndani ya mfuko. Mfuko wa kampuni ndogo ukilinganishwa na fahirisi ya kampuni kubwa unaweza kuonyesha alfa ya ajabu ambayo haitokani na ustadi wa mtu yeyote. Ndiyo sababu taarifa nzuri huandika pia R mraba, namba inayosema ni sehemu gani ya mwendo wa mfuko inaelezwa na fahirisi hiyo. Ikiwa ndogo, iache beta palepale.

Kuna na hila moja ndogo ambayo huwa naitafuta kwanza. Fahirisi nyingi hutangazwa kwa namna mbili: bei za hisa peke yake, na bei pamoja na gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, lililorudishwa kununua hisa zaidi. Faida ya mfuko huwa na gawio ndani yake. Mfuko ukijilinganisha na fahirisi isiyo na gawio, unapewa ushindi wa asilimia moja, mbili au zaidi kila mwaka kabla meneja hajafanya lolote. Tazama maandishi madogo chini ya mchoro. Jibu huwa pale.

## Ushindi wa miaka 15

Nadhani hakuna mfano unaofundisha zaidi kuhusu vipimo vya mafanikio kuliko mfuko wa Marekani wa Legg Mason Value Trust chini ya meneja wake Bill Miller. Kuanzia mwaka 1991 hadi 2005, kwa miaka 15 mfululizo, mfuko huo uliishinda fahirisi ya S&P 500, ya makampuni makubwa 500 ya Marekani, kila mwaka baada ya kutoa gharama. Miller mwenyewe alikiri kwamba rekodi hiyo ilitegemea kalenda, kwani mwaka ungehesabiwa kuanzia mwezi mwingine mfululizo huo ungekatika. Walio wengi hawakutaka kumsikia.

Mwaka 2008 mfuko ulipoteza takriban asilimia 55, wakati S&P 500 pamoja na gawio lake ilipoteza 37.

Miller hakubadilika ghafla. Alikuwa na mazoea ya kununua kwa wingi hisa zilizoanguka, na katika mgogoro wa fedha wa mwaka huo alishika hisa za makampuni ya fedha kama Bear Stearns na Freddie Mac, ambazo ziliendelea kuanguka hadi karibu na sifuri. Ujasiri uleule wa kuweka fedha nyingi mahali pachache ndio uliozalisha ile miaka 15. Hatari ilikuwemo muda wote, ila kipimo kinachotazama nyuma hakiwezi kuionyesha hatari ambayo bado haijatimia.

Fikiria sasa mtu aliyesoma kuhusu mfuko huo mwaka 2005, rekodi ilipokuwa katika kilele cha umaarufu. Kila kipimo kilimwambia aingie. Aliyeingia mwaka 1991 na aliyeingia mwaka 2005 wanasomewa jedwali moja, lakini maisha waliyoishi ndani ya mfuko huo hayafanani kwa lolote.

Tena, tunaisoma habari ya Miller kwa sababu mfuko ulijulikana. Mifuko mingi inayofanya vibaya hufungwa au huunganishwa na mingine, na rekodi yake hutoweka katika majedwali. Wastani wa mifuko iliyopo leo ni wastani wa walionusurika, na kwa hiyo ni mzuri kuliko wastani wa wote walioanza.

## Shimo, na muda wa kutoka

Kati ya vipimo vyote vinavyochapishwa, kilicho karibu zaidi na mwenye vipande ni anguko la juu kabisa: kutoka kilele hadi chini, mfuko ulipoteza asilimia ngapi, na ulichukua muda gani kurudi pale ulipokuwa. Hesabu yake haina huruma. Anayepoteza asilimia 20 anahitaji kupata 25 ili arudi. Anayepoteza 50 anahitaji 100. Anayepoteza 80 anahitaji 400. Kati ya tarehe 9 Oktoba 2007 na tarehe 9 Machi 2009, S&P 500 ilishuka kwa takriban asilimia 57, na huo ni mseto wa makampuni makubwa 500 ya Marekani, si hisa ya kampuni moja iliyofilisika.

Huwa tunajifariji kwa methali kwamba mvumilivu hula mbivu, na kwa masoko mengi methali hiyo imekuwa kweli. Lakini fahirisi ya Nikkei ya Japani ilifunga kwenye 38,915 tarehe 29 Desemba 1989, na haikufunga juu ya kiwango hicho hadi tarehe 22 Februari 2024. Gawio lingepunguza muda huo, ni kweli, na aliyekuwa akinunua kidogo kidogo katika miaka ya bei za chini alifanya vizuri kuliko mchoro unavyoonyesha. Aliyeweka akiba yake yote mwishoni mwa mwaka 1989 akiwa na umri wa miaka 50 alikuwa na 84 mwaka huo wa 2024.

Hapa ndipo nasita kila mtu anaponiuliza kama anaweza kuvumilia hatari. Dodoso zinazojazwa wakati wa kufungua akaunti humtaka achague kati ya "kidogo", "wastani" na "kubwa", naye anajibu siku ambayo soko limetulia. Sijui namna ya mtu kuijua hofu yake kabla haijamfika. Kinachoweza kufanyika ni kugeuza asilimia kuwa fedha: kama akiba yako ni 10,000, usiulizwe kama unaweza kustahimili anguko la asilimia 50, ulizwe utafanya nini siku utakayofungua taarifa na kuona 5,000, na ni malipo gani ya lazima yatakuwa yamekukaribia wakati huo.

## Mlango wa kutokea

Hatari nyingine haionekani katika kipimo chochote cha kuyumba. Mfuko wa wazi unaahidi kununua vipande vyako siku yoyote ya kazi kwa thamani ya siku hiyo, na ahadi hiyo ina nguvu kulingana na wepesi wa hisa zilizomo kuuzika.

Nchini Uingereza, Neil Woodford alianzisha mwaka 2014 mfuko wa hisa uliovutia fedha nyingi kwa sababu ya sifa aliyojijengea kwa miongo mingi katika kampuni nyingine. Ulipofika kilele mwaka 2017 ulikuwa na zaidi ya pauni bilioni 10. Ndani yake kulikuwa na sehemu iliyokuwa ikikua ya hisa za makampuni madogo na mengine ambayo hayakuorodheshwa sokoni kabisa. Matokeo yalipodhoofika watu walianza kutoka, na ili kuwalipa, meneja aliuza zile zinazouzika kwa urahisi, hivyo waliobaki walibaki na mkusanyiko mgumu zaidi kila wiki. Mwanzoni mwa Juni 2019, baada ya Baraza la Kaunti ya Kent, mmoja wa wawekezaji wake, kutaka kutoa zaidi ya pauni milioni 200, mfuko ulisimamisha malipo. Oktoba mwaka huo iliamuliwa uvunjwe.

Hisa isiyouzwa sokoni haina bei ya kila siku, kwa hiyo haiyumbi katika kumbukumbu. Hukadiriwa mara chache, na utulivu huo wa makadirio hushusha mkengeuko sanifu na kupandisha uwiano wa Sharpe. Kadiri hisa zinavyokuwa ngumu kuuzika, ndivyo vipimo vinavyoweza kuonekana vizuri zaidi. Orodha ya hisa 10 kubwa za mfuko, ambayo ipo katika karibu kila taarifa, inafaa kusomwa kwa makini kuliko jedwali la uwiano lililo juu yake.

## Ada ndiyo namba yenye hakika

Vipimo vingine vyote vinazungumzia yaliyopita. Ada inazungumzia yajayo, na itakatwa iwe soko limepanda au limeshuka. Mkusanyiko unaopata asilimia 8 kwa mwaka kabla ya gharama huigeuza 1,000 kuwa takriban 10,060 baada ya miaka 30. Ukikatwa asilimia 2 kila mwaka, unaishia takriban 5,740. Asilimia 2, ambayo kwenye karatasi inaonekana kama jambo dogo, imechukua zaidi ya theluthi moja ya matokeo, karibu asilimia 43.

John Bogle alipoanzisha mwaka 1976 mfuko wa kampuni yake ya Vanguard wa kufuata fahirisi, yaani unaonunua hisa zilezile zilizomo katika fahirisi, alitarajia kukusanya dola milioni 150 na akapata milioni 11.3 tu. Hoja yake haikuwa na ujanja: wawekezaji wote kwa pamoja ndio soko, kwa hiyo wakijumlishwa pamoja hawawezi kulishinda soko, na kila ada wanayolipa inawapeleka chini yake. Ilichukua miaka mingi hoja hiyo kukubalika, na bado nakutana na watu wanaojua faida ya mfuko wao hadi nukta ya desimali na hawajui ada yake.

## Namba ambayo haipo kwenye taarifa

Narudi kwenye tofauti kati ya mfuko na mtu. Katika mfano niliotoa mwanzoni, mfuko ulipata asilimia 8.4 kwa mwaka. Ukihesabu faida ya yule aliyeongeza 5,000 kwa kuzingatia tarehe na kiasi cha kila fedha, unapata hasara ya takriban asilimia 16.3 kwa mwaka. Namba hizo mbili zikiwekwa pamoja, mwenye vipande anaona mara moja sehemu ya matokeo iliyotokana na meneja na sehemu iliyotokana na wakati alioingia na kutoka. Zikitenganishwa, atamlaumu meneja kwa kosa lisilo lake, au atamsifu kwa bahati yake mwenyewe.

Hakuna ugumu wa kiufundi. Kampuni inayoendesha mfuko inayo kumbukumbu ya kila muamala wa kila mteja. Nchini Kanada, kanuni zilizokamilika kutekelezwa mwaka 2016 zinazitaka kampuni zinazohudumia wawekezaji kuwapa kila mwaka taarifa ya faida yao binafsi, iliyohesabiwa kwa kuzipa uzito fedha zao wenyewe, pamoja na gharama walizolipa. Mameneja wanaweza kusema kwamba si haki wabebeshwe maamuzi ya wateja, na hoja hiyo naielewa, lakini kuweka namba mbili bega kwa bega ndiko hasa kunakowatenga na maamuzi hayo. Wanaweza pia kusema kwamba pengo si mara zote matokeo ya pupa, na hilo ni kweli: wapo wanaopokea kiinua mgongo au urithi siku moja na hawana uchaguzi wa tarehe. Hao nao wanastahili kujua walipo.

Pasipo na kanuni kama hiyo, hesabu hiyo inabidi mtu aifanye mwenyewe. Programu za majedwali kama Excel zina kanuni iitwayo XIRR: safu moja unaandika tarehe, ya pili unaandika kila kiasi ulichoweka kikiwa hasi na kila ulichotoa kikiwa chanya, na mstari wa mwisho unaweka thamani ya vipande vyako ya leo kana kwamba umeviuza vyote. Jibu linalotoka lilinganishe na faida ya mfuko kwa mwaka katika kipindi kilekile, kuanzia tarehe yako ya kwanza. Kama huna risiti za zamani, unaweza kuomba kwa maandishi orodha ya miamala yako yote tangu siku ulipofungua akaunti. Kampuni inayo, na haina sababu ya msingi ya kukunyima.